Mlango wa Kubisha Kwanza: Msaada kwa Vikundi Vyetu vya Meru na Embu

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa tawi. Inachapishwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Halmashauri imeniagiza niseme juu ya vikundi vya kwetu Meru na Embu, na mahali ambapo vikundi hivyo vyaweza kupata msaada na fedha za kufanyia kazi yao. Sikuagizwa kwa sababu ya usomi. Elimu yangu ni ile ya shule ya msingi ya misheni, nanyi mnajua. Nimeagizwa kwa sababu likizo yangu ya mwisho niliitumia kufuatana na akina mama ofisi baada ya ofisi, na niliyoyaona huko ndiyo ninayowaletea.

Mnajua ya kuwa reli haikufika Meru, wala haikufika Embu. Imekomea Nanyuki, na mtu wa Embu hushuka Sagana akatafuta gari. Basi sisi tunaofanya kazi ya reli tu watu wa mbali na nyumbani, na watu wa nyumbani hudhani ya kuwa huku tuliko ndiko fedha zitokako. Kila tukienda likizo twaambiwa, "Wewe uliye huko, tutafutie wafadhili." Neno hili wafadhili siku hizi latajwa kama vile wazee walivyokuwa wakitaja mvua: ni kitu cha kungojewa tu, kikija kimekuja, kisipokuja hakuna la kufanya. Nami nataka kusema leo ya kuwa sivyo.

Nitaanza na jambo moja lililotukia upande wa Mbeere. Kuna kikundi cha akina mama ambao walijenga darasa la watoto wadogo kwa mikono yao. Mawe waliyabeba, mabati waliyanunua kwa michango ya kila juma. Kisha likaja shirika moja, jina lake silitaji, likasema litamlipa mwalimu. Likamlipa kweli kwa miaka mitatu. Fedha za shirika hilo zilitoka Marekani. Mwezi wa Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo ile idara yao kubwa ya misaada, USAID, ikafungwa kabisa. Akina mama wetu hawakusoma habari hizo gazetini. Walipata barua ya ukurasa mmoja. Mwalimu alifundisha miezi minne bila mshahara, kwa huruma, kisha akaenda kutafuta kazi Thika. Darasa lina kufuli hata sasa.

Akina mama hao waliponiita, waliniomba niwatafutie mfadhili mwingine kama yule. Nikawauliza: mmekwenda kwa kaunti? Wakacheka. Hawakuwa wamekwenda, wala hawakuona sababu ya kwenda.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye neno langu la leo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Nyongeza ya Nne, inataja kazi za serikali ya taifa na kazi za kaunti. Elimu ya watoto wa chekechea imewekwa chini ya kaunti. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya kaunti. Basi kikundi kinachomwandikia mzungu barua kumwomba mshahara wa mwalimu wa chekechea kinaomba kwa jirani kitu ambacho baba mwenye nyumba anapaswa kukitoa. Sisemi ya kuwa kaunti itatoa kwa urahisi. Nasema huo ndio mlango wa kwanza, na kwamba kuupita bila kubisha ni kuisamehe kaunti deni.

Tena kaunti ina majira yake kama treni. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka ujao hupelekwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hupelekwa kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Fedha huanza kutumika Julai. Sasa, kikundi kinachokwenda kwa mwakilishi wa wadi mwezi wa Juni kimefika stesheni baada ya gari kuondoka. Mwenye shauri lake na alipeleke kwa maandishi mwezi wa Julai au Agosti, wakati mpango unaandikwa, kisha alirudie Februari, kisha aende kwenye baraza la makadirio. Mabaraza hayo ni haki ya raia wala si hisani ya mkubwa. Mimi nilikaa katika baraza moja la wadi: watu waliokuja walikuwa wachache kuliko viti, na waliosema walisema barabara tu, barabara, barabara. Hakuna aliyetaja darasa hata moja.

Akina mama wa Mbeere wana shida nyingine, nayo yafaa niiseme. Kaunti huajiri mwalimu katika shule ya umma. Darasa lao ni la kikundi, na limejengwa katika kiwanja cha kanisa. Kulipata la umma maana yake ni kulitoa mikononi mwao. Wengine wanasema tutoe, watoto wasome. Wengine wanasema tumelibeba mawe sisi, halafu aje mtu wa ofisi atie jina lake mlangoni? Nimewasikia wote wawili, na sioni mjinga kati yao. Lakini mimi ningelitoa, kwa maandishi yanayosema nani aliyelijenga, na wazazi wawe na viti vyao katika halmashauri ya shule.

Sasa tuje kwenye karatasi. Katika kazi yetu mzigo usio na hati hauondoki stesheni, hata kama mwenyewe analia. Vivyo hivyo kikundi. Mwaka 2022 ilitoka sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii. Inataka watu wasiopungua 10, inataka katiba yao iliyoandikwa, inataka viongozi waliochaguliwa, na kikundi huandikishwa katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Ofisi hiyo mtaipata katika kaunti ndogo yenu. Hakuna haja ya kwenda Nairobi. Angalieni tarehe iliyo kwenye cheti. Nimeona vikundi viwili vikinyimwa fedha kwa sababu ya cheti kilichozeeka ndani ya sanduku la mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe hakujua.

Wako wanaosema afadhali tuanzishe shirika kubwa lenye jina la Kiingereza. Mashirika ya namna hiyo yana sheria yake, ile ya mashirika ya manufaa ya umma ya mwaka 2013, ambayo ilingojea miaka 11 ndipo ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Shirika la namna hiyo lina hesabu za kupeleka kila mwaka, na mkaguzi wa kulipwa. Kwa kikundi cha watu 20 wanaotaka tangi la maji, hiyo ni kununua injini ya treni ili kubeba gunia moja la njugu.

Kitu kinachoshinda cheti ni daftari. Afisa mmoja wa Embu, mtu mpole, aliniambia ya kuwa yeye huanza na daftari la mweka hazina kabla ya barua yoyote. Akiona kila mwanachama ametoa shilingi 50 kila juma kwa miaka miwili, na pale ambapo mtu hakutoa pameandikwa hakutoa, basi anajua ya kuwa kikundi hiki ni cha kweli. Akiona ukurasa uliojazwa wote kwa kalamu moja na siku moja, anajua pia. Kwa hiyo kikundi kiwe na daftari la michango, daftari la mikutano lenye sahihi, na hesabu ya benki inayotaka sahihi za watu watatu. Na sisi tulio huku tuache tabia ya kutuma mchango kwa simu ya mwenyekiti. Mwenyekiti ni mtu. Ana watoto, ana karo ya shule, na simu yake yaweza kupotea. Tuma kwenye hesabu ya kikundi, udai stakabadhi.

Nije sasa kwenye fedha zenyewe, na hapa nataka msikilize sana, kwa maana watu wengi huchanganya mkopo na msaada. Serikali ina mifuko kadhaa ya vikundi. Mfuko wa Vijana ulianzishwa mwaka 2006, Mfuko wa Wanawake mwaka 2007, Uwezo mwaka 2013. Tena mwaka 2023, siku ya Madaraka tarehe 1 Juni, sherehe zilikuwa pale Embu penyewe, na ndipo Rais alipotangaza mkopo wa vikundi wa Hustler Fund. Wengi wetu tulikuwepo au tulisikia, na wengi wakarudi nyumbani wakisema serikali imetoa fedha za bure. Hapana. Yote hiyo ni mikopo.

Uwezo hutoa tangu shilingi 50,000 mpaka 500,000. Haina riba, ina ada ya asilimia 3, na kikundi hupewa miezi 6 ya kwanza bila kulipa. Kwa mkopo wa shilingi 200,000 ada ni shilingi 6,000. Hustler Fund ya vikundi ni tangu 20,000 mpaka milioni 1, na riba yake ni asilimia 7 kwa mwaka. Kwa shilingi 200,000 ni kama shilingi 14,000 kwa mwaka. Hesabu hizi si mbaya ukizilinganisha na wakopeshaji wa mtaani. Kikundi chenye kuku, chenye ng'ombe wa maziwa, chenye duka la mbolea, na kichukue. Lakini darasa la watoto haliuzi kitu. Nyumba ya mayatima haiuzi kitu. Nimesikia watu wakishauriwa kuchukua mkopo ili wamalize chumba cha zahanati, na nasema mtu anayetoa shauri hilo hatakuwepo siku ya kulipa. Kazi ya huruma haikopewi.

Basi msaada usiorudishwa uko wapi? Upo, ila huja kwa jina la kazi maalum. Mkitaka fedha za maji, semeni maji. Mkitaka za msitu, semeni msitu. Kwetu jambo hili tumeliona kwa macho. Tangu mwaka 2004 kulikuwa na mradi wa mashariki ya Mlima Kenya, na tangu 2012 ukafuata ule wa Upper Tana, makao yake Embu mjini, wenye fedha za IFAD, za Uhispania na za serikali yetu, katika kaunti 6, zikiwemo Embu, Meru na Tharaka Nithi. Vikundi viliandika maombi yao, vikatoa sehemu yao ya mchango, vikapata fedha za miche, za mabwawa, za majiko, za kutunza mito. Kisha tangu 2017 ukaja mradi wa kilimo wa Benki ya Dunia katika kaunti 21, Meru na Embu zikiwamo, nao ukatoa fedha kwa vikundi vya wakulima wenye nia moja. Miradi hii ina mwanzo na mwisho, wala mtu asijenge maisha yake juu yake. Lakini nimeona jambo moja: vikundi vilivyopata katika mradi wa pili mara nyingi ni vile vile vilivyopata katika wa kwanza. Watu husema ni upendeleo. Huenda pengine ni upendeleo. Lakini mimi nimefungua madaftari yao, na yalikuwa safi.

Kuna Mfuko wa Maji wa serikali, ambao husaidia jamii za mashambani na vyama vya watumiaji wa mito. Mtu wa Imenti au wa Manyatta anayekaa kando ya mto aulize kwanza kama mto wake una chama cha namna hiyo, kwa kuwa fedha hupitia huko. Kwa watu wenye ulemavu liko Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husaidia vikundi vyao. Nje ya serikali ipo Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa na Wakenya wenyewe mwaka 1997, na mimi naipenda kwa sababu inawafundisha watu kuweka akiba yao. Upo mpango wa fedha ndogo wa mazingira unaoendeshwa na UNDP. Huo kwa miaka mingi umetoa hadi dola 50,000 kwa kikundi, na una mashindano makali. Makampuni nayo yana mifuko yao, kama Safaricom Foundation. Hayo nayataja tu. Kila moja lina fomu yake na tarehe yake, na fomu ya mwaka jana haifai mwaka huu.

Na makanisa. Sisi tuliosoma misheni tunajua walikotoka madawati tuliyokalia. Pale Tuuru, katika milima ya Nyambene, Wakonsolata walikuwa na nyumba ya watoto waliopooza kwa polio, na maji hayakuwepo. Bruda mmoja Mwitalia, Giuseppe Argese, ambaye watu wa Meru walimwita Mukiri, yaani mtu asiyesema mengi, aliingia msituni akakusanya maji yaliyokuwa yakipotea chini ya ardhi, akayaleta kwa bomba. Fedha zilitoka kwa marafiki zake Ulaya, na kazi ya mikono ilitoka kwa wenyeji. Maji yalianza kwa watoto wale yakaenda mpaka vijiji vya Tigania na Igembe. Bruda huyo alifariki mwaka 2018. Nawaambia habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuanza na fedha. Alianza na watoto wenye kiu na mahali ambapo maji yapo. Ya pili, bomba lahitaji fundi kila mwezi, na fundi ahitaji mshahara, na rafiki aliye Italia atatoa fedha za bomba lakini si za fundi wa miaka 40 ijayo. Hizo lazima zitoke kwa mwenye kuchota.

Chama chetu cha wafanyakazi nacho kinajua jambo hili la fedha za nje. Mwaka 1956 Tom Mboya, katibu mkuu wa Kenya Federation of Labour, alikwenda Marekani, na wafanyakazi wa huko, AFL-CIO, wakatoa dola 35,000 za kujengea makao ya wafanyakazi Nairobi. Jengo hilo ndilo Solidarity, nalo lingali makao ya COTU hata leo. Lakini miaka iliyofuata upande mmoja ulipata fedha kutoka nchi za magharibi, upande wa pili ukapata kutoka Ghana, wafanyakazi wakagawanyika wakapigana, na watu wakafa; ndipo mwaka 1965 serikali ikavivunja vyama vyote viwili, ikaleta COTU na kuamuru kamba za nje zikatwe. Kwa maoni yangu, fedha zilizojenga kuta hazikutudhuru. Zilizolipa matumizi ya kila siku ya viongozi ndizo zilizoleta maneno. Na kikundi cha kijiji ni vivyo hivyo: chukua kwa mgeni kitu kinachosimama mara moja, kama tangi, au bati, au mashine, chakula cha kila siku kitafute nyumbani.

Bado neno moja la madalali. Wamezuka watu, wengine wamevaa tai, wanaozunguka Maua, Chuka na Runyenjes wakisema watawaandikia ombi la fedha na kwamba wanamjua mtu ndani. Wanataka shilingi 5,000, wengine wanataka sehemu ya kumi ya kitakachopatikana. Ombi zuri halihitaji maneno makubwa. Linahitaji kusema: sisi ni nani na tuko wangapi, tumeshafanya nini kwa fedha zetu, tunataka nini na bei yake ni hii kwa maandishi ya mwenye duka, sisi tutatoa kiasi gani, na nani atatunza kitu hicho baadaye. Kurasa mbili zatosha. Mtoto wa kidato cha nne aweza kuziandika, na atakuwa mkweli kuliko dalali.

Ndugu Mwenyekiti, nimeulizwa tawi hili lifanye nini. Tuna wanachama wa kutoka Meru na Embu, tuseme ni 40. Kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa mwezi, ni shilingi 4,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 48,000. Hizo haziwezi kumlipa mwalimu. Lakini zaweza kulipia nauli ya akina mama kwenda makao ya kaunti, na kupiga chapa, na kufungua hesabu ya benki, na kuwa ile sehemu ya mchango ambayo kila mfadhili huiuliza. Naomba pia wachaguliwe watu wawili wenye mwandiko mzuri na subira, wawe wakisoma barua za vikundi na kuzirekebisha kabla hazijapelekwa. Mimi niko tayari kuwa mmoja wao ikiwa mkutano utapenda.

Barua ya darasa la Mbeere ninayo hapa mfukoni. Imeandikwa na akina mama wenyewe, inaelekezwa kwa kaunti, na yale maneno juu ya kiwanja wameyaacha wazi kwa sababu hawajapatana. Watakutana tena Jumapili ijayo baada ya ibada. Naomba niisome, wenzangu mniambie penye kasoro, kisha shauri la shilingi 100 lipigiwe kura kabla wenzetu wa Sagana hawajaondoka.